Ombi la Kupiga Marufuku Penseli Laini Nyuma ya Picha

Kvernlia, 9 Machi

Kwa Bwana Eivind Skarbø, Mtunza Nyaraka,

Natumaini u mzima. Mimi pia, ukiondoa hasira. Ninaitwa Torbjørg Myrland, nina miaka themanini na moja. Dada yangu mkubwa Borghild, ninayeishi naye, alihudhuria darasa lako la kuandika nyuma ya picha bila kuziharibu. Amerudi na penseli, na amani imetutoka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulimfundisha kulaza picha kifudifudi juu ya kioo na kuandika pembeni kwa mkono mwepesi. Kwa kuwa upande wa mbele haubaki na alama, sikushtuka hadi alipomaliza albamu tatu.

2. Kwa miaka hamsini yule kijana mzuri wa pichani, mwenye skii za kutelezea thelujini, alikuwa marehemu mume wangu. Wajukuu wanajivuna naye. Borghild ameandika: "Si Oddvar. Muuza cherehani, alipita tu." Nilipomkemea akasema, "We Torbjørg, Oddvar alikuwa na kipara tangu siku ya harusi!" Nani alimuuliza habari za kipara?

3. Nyuma ya picha yangu na kikombe cha mbio za skii: "Alikuwa wa tatu. Walishindana watatu."

4. Kalamu ya wino, uliyoikataza, ingevuja, ingechafua na picha ya chini yake, na baada ya miaka michache hakuna ambaye angesoma neno. Huo ndio ustaarabu! Penseli yako, ulisema mwenyewe, itasomeka miaka mia. Nitakuwa kaburini, na Borghild bado ananibishia.

Kwa hiyo naomba penseli zote laini za wilaya zikusanywe kabla ya Pasaka, ukoo unapokutana kwetu. La sivyo, nitanywa kahawa yangu bandani.

Nisalimie mkeo, wenzako wote wa ofisini na yule mbwa wenu kiziwi.

Mimi, kwa heshima na uchungu,
Torbjørg Myrland

N.B. Nikitafuta stempu nimekuta picha ya mwanamke na kichanga, ambao siku zote nilidhani ni majirani. Mama alifariki nikiwa na wiki mbili. Sura yake siijui. Nyuma, kwa penseli: "Mama na Torbjørg, siku ya nne. Mama anacheka, Torbjørg kapiga chafya." Tafadhali tuma penseli mbili, laini kabisa. Hii moja Borghild haniazimi.