Kwaheri ya Blogu ya Mwabungo

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimeifunga blogu. Miaka kumi na moja ya "Dirisha la Mwabungo", basi! Si kwa kudumu, ila hilo wasomaji hawalijui. Mpango ni huu: waone pengo, walie, waniombe nirudi. Na Maimuna aone ni mtu wa namna gani aliyeko mtaani kwao.

Maimuna anauza dawa Ukunda. Nampenda, sina la kuficha. Baba yake, Mzee Chome, hataki kulisikia jina langu tangu nilipoandika kwamba hotuba yake ya harusini ilipoza pilau. Ilipoza kweli! Nilikuwepo.

Kwaheri yangu imetoka vizuri mno. Nimemalizia: "Ndugu zangu, kila niliyemkosea, naomba radhi. Niombeeni dua." Nimetokwa na machozi mwenyewe.

Vichekesho vya mtandaoni nitaendelea kuviweka kwenye status. Mtu haachi yote kwa siku moja. Leo nimeweka paka aliyekataa kutoka kwenye sufuria. Masila, yule fundi simu wa kutoka Ukambani mwenye ukurasa wa video, alimweka jana. Mwizi! Ananiibia kabla sijaweka.

Jumanne, 7 Oktoba

Maoni kwenye blogu: moja. Mtu anauza viatu.

Lakini mlangoni, lo! Bi Tsofa jirani kaja analia. Kanisamehe yote, hata la kuku wake, ambalo nilikuwa sijaliandika. Kisha katua dumu tupu, akasema maji ya zamzam ya kujaa humo yatatosha. Nikauliza zamzam gani tena. Akacheka, akasema waendao huficha, ndio unyenyekevu wenyewe.

Ndipo nikaelewa. Kwetu huku, anayepita akiomba radhi na dua ni mtu wa safari ya Makka. Wamedhani naenda umra! Mimi, ambaye sina hata pasipoti!

Nilikuwa nafungua kinywa niseme kweli. Bi Tsofa akaongeza kwamba Mzee Chome kasikia, na kasema kumbe yule kijana ana dini. Kinywa kikajifunga chenyewe.

Jumatano, 8 Oktoba

Kila mtu auliza naondoka lini. Najibu, "Mungu akijaalia." Si uongo. Mungu akijaalia, nitakwenda.

Dukani nimekutana na Mzee Chome. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba! Mara ya kwanza tangu lile pilau. Akanishika mkono, akasema nimwombee mgongo wake.

Masila naye kaja, kaleta mto wa shingo wa kulalia ndani ya ndege. Kaniambia, "Bro, enda utuombee, hata sisi wa kanisa." Mtu unamchukia zako kwa raha, halafu anakuletea mto! Kero tupu.

Mama kauliza pasipoti nimeitoa wapi. Nikamwambia subira yavuta heri. Akanijibu njia ya mwongo ni fupi, akaenda zake kukuna nazi.

Status ya leo: mbuzi anapanda ngazi, kufika juu kasahau alichofuata. Maimuna kajibu kwa nyuso nne za kucheka! Kisha kauliza huko Makka nitawawekea nini. Chakula kikanishinda.

Ijumaa, 10 Oktoba

Balaa!

Baada ya swala Mzee Chome kasimama mbele ya msikiti mzima. Kasema, "Kijana huyu alinivunjia heshima, nami leo namsamehe kwa ajili ya Mungu, dunia na akhera." Watu wakaitikia. Akamwomba imamu anisomee dua ya msafiri. Imamu akanigeukia kwa upole, akauliza ndege ni siku gani.

Nilitaka kusema "Mungu akijaalia". Wallahi halikutoka. Ndani ya msikiti! Macho yote kwangu. Nikasema siendi popote, nimefunga blogu tu.

Mzee mmoja wa safu ya nyuma akauliza blogu ni nini.

Nimetoka bila viatu. Nilipofika nyumbani, Bi Tsofa alikuwa ameshalichukua dumu lake. Maimuna nimekwisha kumkosa. Nimelia, na safari hii si kwa uzuri wa maandishi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeitwa kwa Mzee Chome. Nimekwenda.

Mzee kasema amekasirika sana, na kalifafanua hilo kwa urefu. Chai imepoa. Sikusema kitu! Halafu akasema radhi iliyotolewa msikitini mbele ya watu hairudishwi, hata ukijuta. Na yeye amejuta. Ila kijana aliyeshindwa kudanganya pale, penye fursa kubwa vile, huenda anafaa kidogo. Kasema nilete wazee wangu Jumapili ijayo, si hii ya kesho, tuzungumze habari za posa.

Za posa!

Sharti ni moja: mpaka siku hiyo nitulie, nisiandike watu, nisirushe rushe mambo. Nikaapa. Maimuna alikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia akicheka, kicheko cha kujiziba mdomo. Kumbe ndiye aliyemwomba baba yake tangu jana aniite. Nimerudi nyumbani nikimsalimia kila mtu, hata Masila.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimetulia tangu asubuhi. Sijaandika mtu. Utulivu ni mzuri sana, nashangaa watu hawaufanyi.

Ila shughuli yahitaji mpango. Nimefungua kundi la WhatsApp, "Posa ya Issa na Maimuna". Nimewaingiza wazee wangu, wazee wake, imamu, Bi Tsofa, Masila, na Mzee Chome mwenyewe. Kundi likawa kimya, na ukimya si dalili njema kwa watu wanaotaka kuwa ndugu. Nikawatilia video moja ya kuwachangamsha: baba wa bibi harusi anavunjikiwa na kiti, anaangukia keki, kilemba kinabaki juu ya mshumaa. Hiyo si kurusha rusha. Hiyo ni ukaribisho.

Wote wameiona. Sasa jina la Mzee Chome limetokea: anaandika.

Bado anaandika.

Ni mrefu wa hotuba, mkwe wangu. Bila shaka ametafuta maneno ya shukrani hata yamemzidi.