Nimekula Meza ya Watu

Jamani, leo nimejiaibisha, na mpaka sasa sielewi ilianzia wapi.

Kimani, mchumba wangu, alitaka nikutane na mama yake, aliyefika Houston wiki hii kutoka Nakuru. Akachagua hoteli ndogo ya Waitaliano, ya kizamani, inayoendeshwa na familia moja tangu enzi za babu zao. "Pale wanakupokea kama mtu wa nyumbani," akaniambia. Nikatoka shifti hospitalini nimechelewa, nikaenda na sare yangu ya unesi. (Mama ataniona mchapakazi, nikajipa moyo.)

Mlangoni nikapokewa na bibi mfupi mwenye aproni. Akaiangalia sare. "Wewe ndiye nesi?"

"Ndiyo, ni mimi."

Akanikumbatia, akanishika mkono na kunipitisha ujia wa pembeni hadi chumba cha nyuma. "Tunakusubiri wewe tu."

Nikajua Kimani amewaambia.

Ndani kulikuwa na meza moja ndefu imejaa Waitaliano. Kimani hayupo. Mama yake hayupo. Nikauliza, "Wenzangu wako wapi?"

Bibi akanipakulia tambi. "Sisi sote ni wenzako. Kula."

Nikaona labda ndio ukarimu wa kizamani: unachanganywa na wageni wengine mpaka watu wako wafike. Basi nikala. Mchuzi wa nyanya umekolea kitunguu saumu, mkate wa moto wa kufutia sahani. Nikimaliza, naongezwa. Simu inatetemeka mkobani, naiacha; mezani si adabu. Jamaa wa pembeni akanishika bega. "Asante kwa yote uliyomfanyia baba."

"Ni kazi yetu," nikajibu. (Baba gani? Sikuuliza. Mdomo ulikuwa umejaa.)

Ndipo nikaona ukutani picha kubwa ya mzee anayetabasamu, na chini yake maua, mishumaa na keki. Kumbe ni sherehe ya kuzaliwa. Nikafarijika kwamba angalau kitu kimoja nimekielewa.

Bibi akagonga glasi kwa kijiko. "Nesi wetu atatuambia machache kuhusu mume wangu."

Ningefanyaje? Nikasimama. "Sina mengi. Namtakia mzee afya njema na maisha marefu. Mungu akipenda, mwakani tukutane naye hapa hapa."

Nikapiga makofi. Peke yangu.

Mtu akaweka uma chini.

"Mwanangu," bibi akasema taratibu, "tulimzika jana."

Nesi aliyemuuguza mzee alikuwa bado njiani, amekwama kwenye foleni ya magari. Nikageuka kutafuta pa kutokea. Mlangoni amesimama Kimani, na kando yake mama aliyevaa kitenge kipya. Walikuwa chumba cha mbele muda wote, wakinipigia simu, mpaka wakasikia sauti yangu.

"Ndiye huyu?" mama akauliza.

Kimani alifikiri kwanza kabla ya kujibu.

Nikaanza kuomba msamaha kwa Kiingereza, nikamalizia kwa Kiswahili. Midomo ya bibi ikatetemeka. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na watoto wake wakamfuata. "Mume wangu angeupokea huo mwaka uliomwongezea," akasema, kisha akavuta viti viwili na kumpakulia mama tambi kabla hajakaa.

Tumerudi nyumbani sasa hivi. Kuhusu harusi mama hajatamka neno. Amesema tu kwamba siku yake ikifika, mkamwana wake asipewe nafasi ya kuzungumza.

Ameniita mkamwana, kwa hiyo chekeni polepole.