Malalamiko Kuhusu Kitenzi cha Kigiriki Kilichokata Posa Yangu

Mount Druitt,
10 Agosti 2021

Kwako Mzee Bigirimana, mzee wa kanisa, Doonside,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yako yote. Mimi ni Mbuvi, yule kijana mrefu anayependeza hata akivaa barakoa. Jumamosi tulileta posa ya binti yako Darlène kwa Zoom, maana lokdauni haituruhusu kukanyaga kwa watu. Kwa heshima zote, ninalalamika.

1. Tulikuomba neno fupi la kufungua. Ukafungua na kitenzi cha Kigiriki cha kale, sunago, yaani kukusanya. Zoom ya bure ina dakika arobaini. Wewe ulitumia thelathini na tisa. Mjomba wangu Mutua, msemaji wetu, amekaa kwake St Marys na suti na tai, akafika "Sisi tumekuja..." skrini ikazima. Tangu siku hiyo ananipigia: "Wee Mbuvi, tumepewa msichana ama tumepewa Kigiriki?"

2. Shule niliishia Form Two, lakini masikio yangu yana digrii. Ulisema Wagiriki walilitumia sunago kwa kukusanya jeshi, kuvuta samaki kwa wavu na kuingiza ngano ghalani. Mzee, nani kati yetu anafanya kazi ghalani kama si mimi? Hicho kitenzi ni changu kabisa.

3. Ukasema tena, mkeo Mama Léocadie akiitikia amina, kwamba sunago ni pia kumpokea mgeni nyumbani. Sasa nani alibonyeza kitufe cha kuniingiza kwenye mkutano? Ni wewe! Ulinipokea mbele ya mashahidi kumi na wanne, mmoja wao akila ugali kamera ikiwa wazi.

4. Kwa hiyo Darlène ni mchumba wangu tangu saa tisa na dakika mbili, ulipobonyeza kile kitufe. Jibu lako halihitajiki tena. Nangoja tu uniombe radhi kwa kunicheleweshea mke.

Naweka kalamu chini kwa adabu nyingi. Nisalimie Mama, wadogo zake Darlène wanaonijibu kwa Kiingereza, na yule jirani mwenye mbwa mkali.

Mkwe wako,
Mbuvi

N.B. Kabla ya kuituma barua hii nilimsomea Darlène kwa simu. Hakucheka. Alisema, "Mbuvi, Baba aliongea vile kwa sababu anajua akinyamaza tu, mimi naondoka nyumbani kwake." Hilo sikuwa nimeliwaza. Basi Mzee, futa malalamiko yote manne. Mjomba amelipia Zoom isiyokatika. Jumamosi hii ongea hata mpaka jioni. Tutakusikiliza.