Vitufe Vitano, Mpangilio Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Mama kaondoka asubuhi kwenda kwa dada yangu aliyejifungua. Atarudi Jumapili. Shangazi alitaka kuja kunilinda; alisema mtu anayesoma huku anatembea haachiwi nyumba. Mama akanitetea: ana shahada, nyumba itamshindaje? Wakakubaliana hivi. Mama akirudi akakuta chochote kimeharibika, Shangazi anahamia. Chumbani kwangu. Na redio yake.
Siku sita za kukaa kimya tu. Nani ameharibu nyumba kwa kukaa kimya?

Jumanne, 5 Machi
Shemeji, mume wa dada, kaleta furushi la nepi. Kwao maji yamekatika. Shemeji ni fundi umeme, na huniita Profesa kwa sauti ambayo wengine humfukuzia mbuzi. Alipoondoka nikajaza mashine ya kufulia, nikawasha, nikabonyeza Anza. Kitufe kikaingia ndani, hakikutoka. Nikakibembeleza. Nikakikumbusha wajibu wake. Wapi!
Nimwite Shemeji? Ng'o.
Baadaye: nimetafakari saa mbili. Tatizo ni sabuni iliyoganda nyuma ya kitufe. Naiona kabisa, kwa akili. Nepi bado chafu.

Jumatano, 6 Machi
Nimechomoa waya ukutani kwanza. Mimi si mjinga. Kisha skrubu mbili, kisha kisu cha mezani kubandua bamba la mbele. Likabanduka ghafla. Vitufe vyote vitano vikaruka, kimoja hadi ndani ya kiatu cha Mama.
Nilikuwa sahihi! Sabuni imeganda kama ukoko. Nimevilowesha kwenye maji moto na siki, nikavisugua kwa mswaki (wangu, sitarudia). Vimetoka vyeupe kama meno ya mtoto.
Swali dogo: kila kimoja kimeandikwa jina lake, ila kipi kilikaa wapi? Sikuandika. Mimi, ninayeandika hata ndoto! Lakini kila kitufe kinatosha kila tundu, kwa hiyo nikatumia mantiki. Mtu huwasha, huchagua joto, huamua kusuuza, huamua kukamua, na akishaamua yote ndipo huanza. Basi: Washa, Joto, Suuza, Kamua, Anza.
Vinaingia na kutoka kwa mlio mtamu. Nikabonyeza Anza. Mashine ikakamua nepi chafu, kavu, bila tone la maji, kwa dakika kumi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefanya utafiti. Joto ndiyo inayoanzisha kufua. Suuza inapandisha joto. Kamua inasuuza. Anza inakamua. Kumbe nilihamisha vibao vya majina milangoni; wenye vyumba walibaki palepale.
Mtu mwingine angevirudisha. Sasa ninajua hata mpangilio wa kiwanda: Anza ilikuwa ya pili. Ya pili! Kabla hujaamua lolote! Siwezi kushiriki upuuzi huo. Ni rahisi zaidi kumwelimisha Mama. Nimemwandikia mwongozo, kurasa mbili, wenye utangulizi.
Nepi zimefuliwa, kwa kubonyeza Joto.

Ijumaa, 8 Machi
Msiba. Shemeji kaja na furushi la pili nikiwa jikoni. Kajaza mwenyewe, kabonyeza Anza. Ngurumo! Kabonyeza tena. Ngurumo! Katangaza kwamba bodi ya umeme ya ndani imeungua. Kauliza, “Profesa, mashine umeifanya nini, umeisomea kitabu?” Sikukana, sikukiri.
Kasema ataleta bodi nyingine Jumapili, na hatamwambia Mama, kwa sharti moja: niache kumsahihisha anapozungumza. Nikaapa. Akaketi, akafurahi, akasema mwanawe sasa ana siku tisa.
Nikamwambia ni nane.
Kanyanyuka bila kuaga.

Jumamosi, 9 Machi
Shangazi kapiga simu. Kauliza kitanda changu kiko upande gani wa dirisha, kwa maana yeye upepo unamsumbua shingo. Nimeongeza ukurasa wa tatu kwenye mwongozo.

Jumapili, 10 Machi
Wamefika pamoja: Mama, Shangazi na sanduku lake (la tahadhari, kasema), Shemeji na mkoba wa vifaa na bodi mkononi. Nikasimama mlangoni na mwongozo, nikaanza kusoma utangulizi.
Mama kanipita. Kajaza nguo za safari. Hakutazama hata kidogo. Kichwa kilikuwa kimemgeukia Shangazi, wakimsema mkunga. Kitufe cha kwanza, kitufe cha pili, huyoo kaenda zake. Maji yakaanza kuingia!
Nikamuuliza kama hasomi alama. Kasema alama gani, mwanangu, miaka sita nabonyeza cha kwanza na cha pili, hivyo vingine sijui hata kazi yake. Kisha akarudi, akakigusa tena kile cha pili. Kasema kimekuwa laini, zamani kilitaka kidole gumba na dua. Akamgeukia Shemeji: “Asante baba, najua ni wewe.”
Shemeji kaitazama bodi. Kanitazama. Kasema, “Si kitu, Mama.”
Si kitu!
Shangazi kasema afadhali familia hii ina mtu mmoja mwenye akili. Nikafungua mdomo. Nikaliona sanduku, na waya wa redio ukichungulia kwenye zipu. Nikaufunga mdomo.
Mwongozo Mama kaukunja mara nne, kauchomeka chini ya mguu wa mashine. Lazima nikiri, haitikisiki tena.
Shangazi kaondoka na sanduku lake, Mama na Shemeji wakamsindikiza kituoni. Nyumba kimya. Chumba changu. Nimeketi kutafakari kosa langu, na nimeliona: nilianza na chombo kinachotumiwa na mtu asiyesoma alama. Rimoti ya televisheni, kwa mfano, huishika mimi peke yangu. Ina vitufe arobaini na vinne. Sifuri inakaa chini ya nane. Chini ya nane!
Shemeji kasahau bisibisi mezani.