Daktari Aliponiomba Sukari

Leo nimeaibika mchana kweupe, tena nikiwa na trei mkononi.

Mama mkwe alienda kanisani akaniachia Malaika. Malaika ni ng'ombe wake, anaishi nyuma ya nyumba yetu hapa mtaani Lucky Summer, na maziwa yake ndiyo yaliyomsomesha mume wangu. (Mimi hayakunisomesha, na sasa hivi mtaona.)

"Huyo mchunge kama mtoto," aliniambia.

Malaika akazaa ndama wa kike, mzuri ajabu. Nikainama kumpangusa. Kuinuka hivi, mama mtu amelala chini na kitu chekundu, kikubwa kama mto wa kulalia, kimemtoka nyuma. Kizazi! Kizazi chenyewe kimemfuata mtoto nje! Nilipiga nduru, majirani wakajaa ukutani.

Mmoja wao akampigia simu daktari wa mifugo, akaja na pikipiki. Akakiosha kizazi, akakishikilia juu ya shuka safi. Kimevimba, akasema, hakiwezi kurudi hivi hivi.

"Mama, sukari iko?"

"Iko, daktari!"

"Leta yote. Haraka!"

Nilimhurumia. Mtu anahangaika hivi na ng'ombe wa wenyewe, atakosaje chai? Nikabandika sufuria, maziwa mengi, nikamwaga pakiti nzima. (Si amesema yote?)

"Mama! Sukari iko wapi?"

"Inachemka, daktari!"

"Inachemka?"

Nikatoka na trei: chupa ya chai, kikombe cha wageni, mkate uliopakwa siagi. Daktari alikuwa amekumbatia kizazi, jasho linamtiririka.

"Mama, sukari ni ya ng'ombe."

Jamani, nilikuwa nimechanganyikiwa. Nikauliza, mbele ya ukuta mzima wa watu:

"Kwani yeye hunywa chai ya maziwa ama ya rangi?"

Wee! Watu walicheka wakashikana. Kijana mmoja akaniitia, "Mathe, si umpee na mkate!"

Daktari hakucheka. "Ni ya kunyunyizia hapa. Inavuta maji, uvimbe unapungua. Tukichelewa huyu anakufa."

Akilini nilimwona mama mkwe akirudi na Biblia yake, amkute Malaika amefunikwa gunia. Bahati nzuri, jirani yangu Mama Atieno alikuwa ameshakimbia kwake. Akarudi na sukari, huku bado anacheka.

Ikanyunyizwa. Uvimbe ukapungua tukiona kwa macho. Daktari akasukuma polepole kwa ngumi, kizazi kikaingia, akashona, akadunga sindano. Malaika akakaa, akapumua, kisha akasimama na kuanza kumlamba mtoto wake. Nililia kama mimi ndiye niliyezaa. Asante Mungu! Asante Mama Atieno!

Mama mkwe alifika akatukuta tunakunywa ile chai. Akamkagua ng'ombe, akaonja kikombe changu, akakunja uso.

"Hii sukari yote ni ya nini?"

Tukaangua kicheko sote.

Msinicheke, adhabu yangu ninayo tayari: majirani wamempa ndama jina, wanamwita Chai, na mama mkwe amesema hauzwi.