Sentensi Yangu Imehukumiwa Peke Yake

Kibanda cha Matangazo,
Uwanja wa Mpira (juu ya choo cha waamuzi).

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Nidhamu.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: KUHUKUMIWA KWA SENTENSI YANGU BILA YA MUKTADHA WAKE

Natanguliza heshima zote nilizonazo. Ni matumaini yangu kwamba u mzima, karani wako ni mzima, na shemeji yako aliyeteleza ngazini ameshatolewa bandeji. Sisi huku tunaendelea, ingawa mimi naendelea nyumbani, kwa kuwa barua yako imenizuia kugusa kipaza sauti mpaka kikao cha Jumatatu kitakapoamua kama nifungiwe maisha.

Barua hiyo nimeisoma mara tano nikiwa na miwani na mara moja bila miwani, na mara zote imesema jambo lile lile. Ina mistari kumi na minne ya kanuni na mstari mmoja wa maneno yangu. Mimi ni mtangazaji wa uwanja huu kwa miaka kumi na tisa. Nimetangaza wafungaji, walioingia, waliotoka, funguo zilizookotwa na watoto waliopotea. Mfungaji wetu namtaja mara tatu. Wa wageni namtaja mara moja, tena kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya maji, na hiyo ndiyo desturi ya kazi yetu. Leo maneno yote hayo yamesahauliwa, nimebakiziwa sentensi moja tu, kama vile nilizaliwa nayo.

Kwa faida ya wajumbe ambao hawakuwapo, tukio lilikuwa hivi. Jumamosi wiki tatu zilizopita, dakika ya sabini na moja, tukiwa sare bila bao, tulipata penalti. Kipa wa wageni, kijana wa kutoka mbali wanayemwita Kufuli, akaruka kushoto akaupangua mpira. Mimi nikiwa kibandani nikasema: "Nyani huyu nani kamfundisha kudaka? Arudishwe msituni kwao." Kipaza sauti kilikuwa wazi. Jukwaa letu likacheka, kisha likaligeuza neno langu wimbo. Kufuli akavua glavu, akaziweka juu ya alama ya penalti, akatoka uwanjani bila kuagana na mtu. Akaingia kipa wa akiba, tukamfunga mawili. Sasa naomba nieleze malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Swichi. Swichi ya kipaza sauti chetu imekufa huu msimu wa tatu. Ili kizimike, unakandamiza kwa kidole gumba, kisha unachomeka kijiti cha kiberiti pembeni ili ibaki chini. Fundi mitambo anajua, maana ndiye aliyenifundisha, na kiberiti ni chake. Siku ile kijiti kilidondoka. Kwa hiyo, Mheshimiwa, mimi nilikuwa nazungumza faraghani, na kwamba watu elfu nne walinisikia ni jambo la kiufundi ambalo angeulizwa fundi. Maneno ya namna hiyo nimeyasema humo kibandani karibu kila mechi kwa miaka kumi na tisa, na halijawahi kuja lalamiko hata moja, kwa kuwa kwanza swichi ilikuwa nzima, na ilipokufa kijiti kilikuwa mahali pake. Naomba rekodi hiyo safi izingatiwe.

2. Nusu ya pili. Hati yako ya mashtaka imenukuu mpaka kwenye neno "kudaka" ikakomea hapo. Hilo limenisikitisha sana. Mtu hukatwa nywele, hakatwi sentensi. Ukisoma nusu ya kwanza peke yake unaweza kudhani namdharau kijana wa watu, kumbe namsifu, maana hakuna asiyejua kwamba nyani ni hodari wa kudaka. Nusu ya pili ndiyo inayoonyesha nia yangu njema. Nilisema arudishwe. Sikusema aondoke mwenyewe kwa miguu. Isitoshe, neno lenyewe ni la heshima katika lugha yetu: wahenga walisema nyani haoni kundule, na wahenga hao hakuna kamati iliyowafungia.

3. Kicheko. Watu elfu tatu na mia saba walicheka. Utani hupimwa kwa wanaocheka, kama chumvi inavyopimwa na wanaokula. Waliobaki mia tatu ni jukwaa la wageni, ambako spika hukwaruza, kwa hiyo huenda hawakusikia vizuri. Nakiri kwamba mwanamke mmoja kule alisimama na kujishika kichwa kwa mikono miwili, akabaki hivyo mpaka kipenga cha mwisho. Nimeambiwa ni mama yake Kufuli, na kwamba alisafiri siku mbili kwa basi kuja kumwona mwanawe akicheza kwa mara ya kwanza. Kwa heshima zote, mama mzazi si shahidi huru.

4. Rangi yangu. Mimi mwenyewe si mweupe. Nikisimama na Kufuli chini ya taa moja, tofauti yetu ni ndogo, ni kama chai iliyokaa kidogo na chai iliyokaa sana. Nitambague vipi mtu ambaye nimemzidi weupe kwa dakika mbili tu za birikani? Zaidi ya hayo, mfagizi wa uwanja anatoka kulekule anakotoka Kufuli. Kila asubuhi namsalimu kwa neno lile lile, na kila asubuhi huitikia. Miaka saba tunataniana hivyo, yaani mimi natania na yeye anafagia. Tangu Jumamosi ile amehamia upande wa pili wa uwanja, nadhani ni kwa sababu ya majani makavu.

5. Wengine. Siwataji ili nimchome mtu, nawataja ili sheria iwe moja. Diwani wetu, siku ya kufungua zahanati, alisema wahamiaji wa kutoka kule wanazaana kama panya. Alipobanwa alisema aliacha kusoma karatasi akateleza ulimi. Karatasi ikatafutwa, ikakutwa imeandikwa hivyo hivyo, akasema basi ni mwandiko wa msaidizi. Mpaka leo ni diwani. Mwenye nyumba wa mtaa wa nyuma ameandika ukutani kwa rangi nyekundu: VYUMBA VIPO, WA KUTOKA KULE WASISUMBUKE. Alipoulizwa alieleza kwamba alikusudia kuandika maelezo kamili, ila ukuta ulikuwa mfupi. Mwalimu mkuu naye aliwapanga watoto wa kutoka kule mstari wa nyuma kabisa katika picha ya shule ili picha isiingie giza, na akaeleza kuwa ni suala la kamera. Wote watatu walisikilizwa. Wote watatu walikuwa na muktadha. Mimi nina kijiti cha kiberiti, kitu kinachoshikika kabisa, na hakuna anayetaka hata kukitazama.

6. Kufuli mwenyewe. Hapa, Mheshimiwa, ndipo uchunguzi wako ulipolala. Umechunguza kilichotoka kinywani mwangu, hukuchunguza kilichoingia masikioni mwake. Nimefuatilia, nikaambiwa kijana huyo ameitwa jina hilo katika viwanja vinne kabla ya chetu, na mahali pengine alirushiwa maganda ya ndizi. Mtu aliyezoea kitu anashtuka vipi? Kama angetoka uwanjani katika kile cha kwanza ningemwelewa, lakini kusubiri mpaka cha tano ni kunichagua mimi. Nani sasa amebaguliwa? Nasikia pia hajaenda mazoezini wiki tatu, hapokei simu ya kocha wake, na chakula anachopelekewa mlangoni kinarudi kama kilivyokwenda. Mimi niliyesimamishwa, kwa taarifa yako, kila siku ya mazoezi nimefika nikakaa nje ya kibanda changu kilichofungwa. Basi kati yetu ni nani anaipenda kazi yake? Na zile glavu alizoacha kwenye alama ya penalti zilichelewesha mchezo kwa dakika nne, kosa ambalo lina kifungu chake na halimo katika mashtaka ya mtu yeyote.

7. Maombi. Kwa kuwa sipendi kulalamika bila kujenga, napendekeza yafuatayo.

Kwanza, iundwe Fomu ya Muktadha, yenye maswali kumi na sita, ijazwe kabla mtu yeyote hajaitwa mbaguzi. Je, alikuwa amekula? Viatu vilikuwa vinambana? Timu yake ilikuwa inaongoza au imefungwa? Alidhani anasikika? Walicheka wangapi? Akipata majibu tisa mazuri, neno lake lihesabiwe kuwa maoni. Akipata kumi na mbili, lihesabiwe kuwa sifa. Nimejijazia mwenyewe kwa majaribio nikapata kumi na sita.

Pili, aajiriwe Afisa wa Muktadha, akae karibu na mwamuzi wa akiba mwenye kibao. Neno likitoka jukwaani, asimame ainue kibao kuonyesha lilimaanisha nini, ili mchezaji aamue kuumia au kutoumia kwa taarifa kamili. Afisa huyo asiishie uwanjani, awafuate pia madiwani.

Tatu, Kufuli aandike barua fupi kuniomba radhi kwa kuwamo katika sentensi yangu siku ambayo swichi ilikuwa mbovu. Nitampokea bila kinyongo.

Nne, na hili ndilo kubwa, nirudishiwe kipaza sauti. Naomba unisikilize hapa kama mtu, usinisikilize kama kanuni. Sijui kazi nyingine. Nikiwa mtaani, watu hawajui sura yangu, ila nikifungua kinywa dukani nikaomba sabuni, wanageuka wote. Tangu mnisimamishe nimekuwa nikitangaza nyumbani bila kukusudia. Mama watoto akibadilisha vyombo jikoni nasikia kinywa changu kikisema anatoka sufuria, anaingia birika. Mwanzoni alicheka, sasa ananiangalia tu. Yeye, ambaye sheria hazijui, anasema ningeandika barua ya mstari mmoja kwa yule kijana, siyo kurasa tano kwa Kamati, na kwamba neno lenyewe la kuandika ninalijua tangu utotoni. Nilimweleza kuwa neno hilo likiandikwa peke yake, bila muktadha, litaeleweka vibaya.

Naamini Kamati yako tukufu itatenda haki. Nisalimie wajumbe wote kwa vyeo vyao, mweka hazina, wale wawili wanaosinzia kwenye vikao, karani wako ambaye amekuwa akinipokea vizuri kwenye simu, shemeji na bandeji yake, na mlinzi wa getini. Nikijaliwa nitawasalimia wengine Jumatatu mwenyewe, ana kwa ana.

Ni mimi niliye chini ya miguu ya Kamati,

Mtangazaji wa uwanja (kwa sasa nikiwa kimya).

Tanbihi. Barua hii ilikuwa imeshafungwa kwenye bahasha. Nimeifungua kwa mvuke wa birika ili niongeze haya.

Alhamisi asubuhi nilikupigia simu kuuliza niilete kwa mkono au niitume kwa posta. Ulinijibu kwa upole, ukaniambia niilete kwa mkono, tukaagana, ukanitakia siku njema. Kisha hukukata simu. Nilikuwa natafuta kitufe nikate mimi, nikakusikia ukimwambia karani wako: "Si yule mweusi wa kibandani? Tulimpa kipaza sauti kwa kuwa mtu mwenye sura ile afadhali asikike tu, asionekane." Karani wako akacheka.

Sitaki muktadha, Mwenyekiti. Ile fomu ichane. Sitaki kujua kama ulikuwa umekula au viatu vilikuwa vinakubana. Usiniambie ulidhani simu imekatika, na usiniambie kwamba karani alicheka, maana nilimsikia. Nataka ujiuzulu leo, na nafasi ya kujieleza usipewe. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na simu mkononi mpaka mama watoto akaja kuichukua.

Miaka kumi na tisa nilidhani ni kwa sababu ya sauti yangu.

Leo ni Jumamosi na tangu simu ile bado sijala. Kama ofisi yako ina namba ya yule kipa, naiomba. Sitamweleza lolote kuhusu swichi. Nataka tu kumwuliza huchukua siku ngapi mpaka chakula kianze tena kushuka.