Watoto Waliopakwa Samli

Jumatatu, 6 Juni 1955. Didia.

Tarishi wa mtemi kapita asubuhi. Serikali inamtuma Bibi Maendeleo kutoka Shinyanga mjini. Atauliza kila kaya: mama akiwa kwenye pamba, mtoto mchanga hubaki na nani? Na wakubwa, wanasoma au hawasomi? Baada ya utafiti, mahali pamoja patapewa banda la kulelea watoto, na darasa kando yake. Mahali pamoja tu! Yaani sisi, au Jilala wa ng'ambo ya mto.

Jambo hili linanigusa. Mjukuu wangu Limi ana miaka minane na hajui hata a. Haendi shule kwa sababu ana mtu mgongoni: mdogo wake. Baba yao, Donatus, yuko Geita anachimba dhahabu ya wenyewe. Mama yao, Melania, huingia shambani na umande. Nami nimefundisha watoto wa watu hadi kustaafu! Aibu.

Mke wangu Paskalina kauliza kwa nini nisimshike mimi huyo mchanga. Nimemweleza kwa upole kwamba mimi ni mtu wa mipango.

Jumatano, 8 Juni.

Nimewakusanya watu wa upande wetu. Nimewaeleza. Napenda mtu aelewe jambo kutoka mzizi.

Utafiti, nikasema, ni ngoma. Bagika na Bagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, wakicheza uwanja mmoja, nani hushinda? Anayevuta umati. Anayependeza. Sasa, serikali nayo ina macho. Ikikuta watoto wengi, wamenawiri, wametulia, itasema: hawa ndio wanaostahili. Wote wakaitikia. Sisi ni Bagalu, na Jilala ni kiongozi wa Bagika. Haikuhitaji maelezo zaidi, ila niliyatoa.

Paskalina akauliza kama mganga huitwa kwa mtu mzima wa afya. Nikamwambia asichanganye mambo.

Ijumaa, 10 Juni.

Mpango umekamilika. Wachungaji wadogo wataletwa nyumbani. Ng'ombe watachungwa na wazee, wakiongozwa na Mihayo. Wachanga watalazwa chini ya banda langu la pamba, kila mmoja na bibi yake. Wote wapakwe samli. Limi asibebe mtu.

Melania hajaridhika. Kwa mila yetu mke wa mwanangu hasemi nami uso kwa uso, hivyo humwambia kuku, nami husikia. Leo kamwambia hivi: "Wewe kuku, hebu nambie, mgeni akishapanda baiskeli yake, mtoto atabaki na nani?"

Kuku hakujibu. Nami sikujibu, kwa kuwa sikuulizwa.

Jumatatu, 13 Juni.

Ushindi! Bibi Maendeleo kaja. Ni Bi Mwanaima, mtu wa Tabora, mpole, anayesikiliza kuliko anavyosema. Tabia ya hatari. Watoto waling'aa mpaka nzi wakateleza. Akauliza kama ndivyo ilivyo siku zote. "Siku zote!" wakapaza sauti, hata mabibi wasiojua Kiswahili.

Limi akatamka a, e, i, o, u. Kasoro moja. Muda wote mkono wake ulikuwa nyuma, ukipigapiga mgongo taratibu, kana kwamba anambembeleza mtu asiyekuwepo. Bi Mwanaima aliutazama ule mkono kwa muda mrefu. Nikamweleza kuwa ni mazoezi ya viungo. Akasema, "Ahsante, Mwalimu."

Alasiri, habari tamu. Mihayo na wenzake walikaa kuzungumzia vita ya Mjerumani. Walipofika mahali pazuri, ng'ombe wetu wakavuka mto na kuingia kwenye pamba ya Jilala. Na Bi Mwanaima ndiyo kwanza anafika huko! Kakuta akina mama wanakimbia na fimbo, wachanga wameachwa pembeni mwa shamba wanalia, wasichana wamebeba wawili wawili. Fedheha kubwa kwa Jilala! Nimecheka hadi nikakohoa.

Jumanne, 14 Juni.

Jilala kaja kulalamika. Kauliza ng'ombe wangu walisomea wapi, maana hawana adabu. Nikamwambia darasa likishajengwa kwangu, aniletee wake niwafundishe. Akaondoka bila kunywa togwa.

Alhamisi, 23 Juni.

Baraza. Bi Mwanaima kasimama, kanipongeza mbele ya mtemi. Upande wa Mwalimu Athanas, akasema, ni mfano kwa wilaya nzima: watoto wana walezi, wazee huchunga, hakuna anayeteseka. Kwa hiyo hauhitaji banda. Linakwenda kwa Jilala, ambako hali ni mbaya mno.

Nilisimama kueleza. Mtemi kaniomba nikae.

Jilala akatoa shukrani. Aliwashukuru ng'ombe wangu, mmoja mmoja, kwa jina.

Nimerudi nyumbani. Kuku ameambiwa mengi.

Jumatatu, 4 Julai.

Banda limekwisha. Vijana wa Jilala walijenga wakiimba, makusudi, upepo ukielekea kwetu.

Leo Paskalina kamchukua Limi na mchanga, kavuka nao. Sikushirikishwa. Kumbe Bi Mwanaima aliacha neno: yule msichana wa mkono mgongoni apokelewe, hata kama ni wa ng'ambo. Jioni Limi kaandika a kwenye majivu ya jikoni. Imeelemea upande. Niliitazama mpaka Paskalina akataka kukoka moto, nikamwambia akakoke kwa Mbuke jirani.

Lakini kuna sharti. Kila kaya itoe mzee wa kukaa na wachanga siku moja kwa juma. Jilala mwenyewe hukaa, mtoto pajani. Mtu mzima! Kanipangia Alhamisi.

Alhamisi, 14 Julai.

Zamu yangu. Nimewaeleza wachanga historia ya shule tangu mwanzo. Wasikivu kuliko watu wa baraza.

Na tarishi kaleta jipya! Wiki ijayo anakuja bwana wa serikali kutafiti wapi pajengwe kituo cha kununulia pamba. Sisi, au Jilala. Safari hii silali. Nimeshaielewa serikali: humpa asiye na kitu. Kwa hiyo nimewaagiza watu wetu wafiche pamba yao yote, asionekane mtu na hata tumba moja.

Paskalina kauliza mnunuzi wa pamba atakwenda wapi. Nimemwambia asichanganye mambo.

Mimi nimeanza na yangu. Nimeivusha polepole, nikaitandaza ndani ya banda la Jilala, chini ya mikeka ya watoto. Hakuna atakayefikiria kuitafuta huko.

Wachanga wamelala vizuri sana leo.